Shokapu Iliyokufa na Kazi ya Mungu

Mnyororo ukikatika, safari imekwisha. Tairi likipasuka, dereva anashuka, abiria anashuka, na wote wawili wanaanza kuulizia fundi. Shokapu ya nyuma haina ukali huo. Inakufa taratibu, bila mlio wa kutisha, na chombo kinaendelea kupiga kazi siku hiyo, kesho yake na mwezi unaofuata. Ndiyo maana katika ukanda wote unaoanzia Shinyanga mjini, ukapita Tinde na Kahama hadi kwenye machimbo ya Geita, mtu hashangai kuona bodaboda ikidundadunda kwenye changarawe huku dereva ameinama mbele na abiria amemshika kiuno. Abiria huyo akirushwa kwenye mteremko wa Nyarugusu akapoteza maisha, maneno ya msibani yanajulikana: kazi ya Mungu haina makosa. Ni maneno ya faraja, na waliofiwa wana haki nayo. Swali langu ni kama mwenye pikipiki, aliyekwishaambiwa kwamba shokapu zimekufa, ana haki nayo vilevile. Nasema hana, na nasema zaidi ya hapo: kifaa hiki kisichomlazimisha mtu kukitengeneza ndicho kinachoonyesha vizuri kuliko vyote wajibu ni kitu gani. Anayeziba pancha anafanya hivyo kwa sababu hana njia nyingine. Anayebadilisha shokapu anafanya hivyo ilhali angeweza kuacha.

Kwanza tuelewane jinsi inavyofanya kazi, maana hoja yote inaning'inia hapo. Shokapu ina kazi mbili, na watu wengi wanaijua moja tu. Springi hubeba uzito na kumeza pigo la shimo. Hiyo inaonekana kwa macho. Lakini springi haimalizi nguvu iliyoipokea. Inaihifadhi tu, kisha mara moja inairudisha juu. Kuimaliza ni kazi ya mafuta yaliyomo ndani ya silinda: pistoni inapopanda na kushuka, mafuta yanasukumwa yapite kwenye matundu membamba, nguvu ya mdundo inageuka kuwa joto, na joto linapotelea hewani. Inayoyazuia mafuta yasitoke ni sili, pete ndogo inayobana chuma king'aavu kinachoingia na kutoka. Adui wa sili ni vumbi, na vumbi la machimboni lina ubaya wake wa pekee. Sehemu kubwa ya mbale za dhahabu wanazochimba wachimbaji wadogo imo kwenye mawe meupe ambayo ni magumu kuliko chuma cha kawaida, na makarasha yanayasaga kutwa kucha. Unga huo ukinata kwenye chuma chenye unyevu wa mafuta, kila mdundo unausugulia kwenye sili. Siku moja mafuta yanaanza kutoka jasho, vumbi linanata zaidi, na baada ya hapo ni suala la muda. Mafuta yakiisha, springi inabaki peke yake. Tairi la nyuma linadunda, linaiacha ardhi kwa nukta chache, na nukta hizo breki haina cha kukamata wala pikipiki haina kinachoishikilia njiani. Dereva akipakia mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, au viroba, hukaza springi hadi meno ya mwisho ili nyuma isizame. Pikipiki inasimama vizuri, inapendeza, na inadunda vibaya kuliko mwanzo, kwa kuwa kukaza springi hakurudishi mafuta.

Wanaotengeneza shokapu za baiskeli za milimani hawajifichi katika jambo hili. Kampuni ya RockShox, kwa shokapu zake nyingi za nyuma, huandika kwamba sehemu ya hewa isafishwe kila baada ya saa 50 za kuendesha na sehemu ya mafuta ifunguliwe kila baada ya saa 200. FOX huweka saa 125 au mwaka mmoja, chochote kitakachotangulia. Ratiba hizo zimeandikwa zikimfikiria zaidi mtu anayepanda baiskeli Jumamosi kwa kujifurahisha. Dereva wa bodaboda anayekaa kazini saa kumi kwa siku anazimaliza saa 50 kwa siku tano, na saa 200 zinakwisha kabla ya mwezi. Ni kweli vyombo hivi havifanani. Shokapu ya pikipiki ni nene, nzito, na imetengenezwa kwa kazi ya kikatili zaidi, hivyo hesabu hiyo haiwezi kuhamishwa kama ilivyo. Kinachohamishika ni ungamo lililomo ndani yake. Aliyekitengeneza kifaa amekubali kwa maandishi kwamba kitachakaa, kwamba uchakavu unahesabiwa kwa kazi na wala si kwa sura, na kwamba kuna mtu anayetakiwa kukitazama kabla hakijaonyesha ugonjwa. Inashangaza kidogo kwamba chombo cha starehe kimewekewa saa zake, na chombo kinachompeleka mjamzito zahanati kinasubiri mpaka kilie.

Usukuma ilizoea zamani chombo ambacho hakikuwa na siri. Baiskeli nyeusi ya Foneksi ya Kichina, au Swala iliyounganishwa Dar es Salaam, ilinunuliwa kwa fedha za pamba na haikuwa na shokapu yoyote. Springi zake zilikuwa chini ya kiti tu, na kila jiwe la njiani lilifika mgongoni bila kupunguzwa. Hata baiskeli za abiria ambazo watu wa Shinyanga waliziita daladala zilimpa mteja kijigodoro kwenye keria, basi. Ubovu wa baiskeli ile aliujua kila aliyeipanda, papo hapo. Shokapu ilileta raha, na pamoja na raha ikaleta uwezekano mpya wa kutojua: mwili wa abiria hausikii tena moja kwa moja hali ya chombo, na ujuzi umehamia kwa wachache, yaani dereva, fundi na mmiliki. (Zile baiskeli za bei rahisi zenye springi ya nyuma na hakuna tone la mafuta ndani yake, hizo nadiriki kusema zilizaliwa zimekufa.) Ujuzi ukihama, na lawama inahama nao. Abiria anayenyoosha mkono pale Maganzo hawezi kuibonyeza pikipiki nyuma aone kama inapanda mara moja na kutulia, au inacheza mara tatu. Fundi anaweza, na huchukua muda mfupi kuliko kuwasha sigara.

Dini zetu zililijua jambo hili muda mrefu kabla ya injini. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kina sheria ya ng'ombe dume anayepiga kwa pembe. Akimuua mtu kwa mara ya kwanza, ng'ombe anauawa na mwenyewe hana hatia. Lakini kama alikuwa na tabia hiyo tangu awali, mwenyewe akaonywa, naye asimfunge, hatia ya damu inamrudia mwenye ng'ombe. Wafugaji wa Kishapu hawahitaji mhubiri awafafanulie hilo. Pigo ni lilelile na maiti ni ileile; kilichobadilika kati ya kisa cha kwanza na cha pili ni onyo tu. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inakwenda mbele zaidi na kumtaka anayejenga nyumba aweke ukingo darini, asije akaiingiza nyumba yake katika damu ya mtu atakayeanguka. Hapo hata onyo halisubiriwi, kwa sababu kila mtu anajua kwamba dari lisilo na ukingo huangusha watu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, nayo inamwekea wajibu wa uangalifu kila mwenye dhamana ya kitu kinachoweza kuhatarisha uhai, kiwe chenye roho au kisicho na roho. Ng'ombe wa Musa na pikipiki ya Katoro vimo katika sentensi moja. Mafuta yaliyotapakaa kwenye chuma cha shokapu, yakiwa yamenasa vumbi, ndilo onyo, na limetundikwa mahali ambapo mwenye macho atalikuta kila asubuhi anapoifuta pikipiki yake.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa mcha Mungu, nalo nalichukulia kwa uzito. Atasema kila nafsi ina siku yake iliyoandikwa. Shokapu mpya haiongezi hata saa moja, na kudhani vinginevyo ni kujipa uwezo usio wetu. Sina haja ya kulikana fundisho hilo ili kulijibu. Katika mapokeo ya Kiislamu kuna habari mbili mashuhuri zinazolijibu kutoka ndani. Moja ni ya Bedui aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia bila kumfunga na kumtegemea Mwenyezi Mungu, akaelekezwa amfunge kwanza ndipo ategemee. Nyingine ni ya Khalifa Umar, aliyekuwa njiani kwenda Shamu akapata habari za tauni, akaamua kurudi. Abu Ubayda alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akajibu kwa maana kwamba anaikimbia kadari moja kuielekea nyingine. Jibu hilo lina kina. Kadari haikuandika kifo peke yake huku ikiacha sababu zijiandike zenyewe. Kama imeandika, imeandika na mkono wa fundi, na uamuzi wa mmiliki aliyeghairi kununua shokapu akanunua redio. Anayeitumia kadari kufuta uamuzi wake ameichukua nusu tu, ile nusu inayompunguzia deni.

Mwanafalsafa Mwingereza W. K. Clifford aliliweka jambo hili wazi katika makala yake ya mwaka 1877. Alimtaja mwenye meli iliyochakaa, aliyekuwa na shaka nayo, akaizima shaka hiyo taratibu kwa kujiambia kwamba meli imevuka bahari mara nyingi na kwamba Mungu hataziacha familia zilizomo. Akaamini kwa moyo wote. Meli ikazama, naye akalipwa bima. Clifford anasema mtu huyo ana hatia ya vifo vile hata kama imani yake ilikuwa ya kweli moyoni, kwa sababu hakuwa na haki ya kuipata imani hiyo kwa njia aliyoipata. Watu wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuibuni meli ya mfano. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia Mwanza, imejaa kupita uwezo wake, ikaondoka na mamia ya watu. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, nayo ikiwa imezidisha abiria. Katika misiba yote miwili nchi ilisali, na katika yote miwili nchi ilitaka kujua nani aliacha chombo kiondoke. Hakuna aliyesema kwamba swali la pili linaitukana sala ya kwanza. Kwa nini basi msiba wa mtu mmoja, kwenye njia ya vumbi, unyimwe swali hilo?

Pingamizi la pili halisemwi kanisani wala msikitini, lakini lina nguvu huku kwetu kuliko la kwanza. Linasema shokapu ilikufa, sawa, ila kuna mchawi aliyeisukuma ife siku ile, abiria yule akiwa juu yake. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard alilieleza hili vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Wazande. Ghala likiwaangukia watu waliokaa kivulini mwake, Wazande wanajua fika kwamba mchwa walikula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini limeanguka saa ile, juu ya watu wale. Si upumbavu, ni swali la kweli, na sili iliyokwisha haiwezi kulijibu. Tatizo ni kule linakoelekea. Takwimu za serikali za miaka ya 1970 hadi 1984 zilionyesha maelfu ya watu waliouawa nchini kwa tuhuma za uchawi, sehemu kubwa ikiwa ni ya Usukumani, na wengi wakiwa wanawake wazee, baadhi yao kwa kosa la kuwa na macho mekundu ya moshi wa jikoni. Baadaye yakaja mauaji ya watu wenye ualbino, yakihusishwa na tamaa ya bahati katika madini na uvuvi. Maelezo ya chanzo cha msiba si jambo la kinadharia mahali ambapo maelezo mabaya yanaua mtu wa pili. Na Injili ya Luka, sura ya 13, inapotaja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, inakataa kusema kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Swali la kwa nini yeye linaachwa bila jina la mtu. Nami naona hapo ndipo mahali pake. Libaki wazi mbele ya Mungu, na lile swali dogo la nani alijua kuhusu mafuta liulizwe mbele ya watu.

Lipo pingamizi la tatu, la mtu mwerevu zaidi. Atasema pikipiki elfu zinatembea na shokapu zilizokufa, na nyingi zinafika. Mtu ataitwaje muuaji kwa jambo ambalo jirani yake analifanya kila siku bila madhara? Mwanafalsafa Thomas Nagel, katika mjadala wake na Bernard Williams mwaka 1976 kuhusu bahati katika maadili, alitumia mfano unaokaribia sana wetu: dereva wa lori ambaye hakukagua breki zake, mtoto akaingia barabarani. Dereva mwenzake mwenye breki hizohizo, ambaye hakukutana na mtoto, analala usingizi. Tofauti yao ni bahati tupu, lakini mmoja tunamlaumu sana na mwingine hatumjui hata jina. Wengi huutumia mfano huu kumpunguzia lawama aliyeua. Mimi nauona unaelekea upande wa pili. Kama bahati ndiyo iliyowatenganisha, basi kosa wanalo wote wawili, na lilitendeka asubuhi walipoondoka, kabla mtoto hajatokea. Aliyefika salama na shokapu zilizokufa amesamehewa na barabara. Hilo haligeuzi kosa kuwa tendo jema, na wingi wa wanaosamehewa haupunguzi chochote; unaonyesha tu ukubwa wa deni ambalo bado halijadaiwa. Ni kweli pia kwamba baada ya ajali ni vigumu kuthibitisha kwamba shokapu ndiyo chanzo, maana lawama hugawanyika kati ya mwendo, mchanga, giza na pombe. Ugumu huo ni wa polisi na mahakama. Dhamiri haihitaji kusubiri ripoti.

Linabaki pingamizi lenye haki kuliko yote, nalo ni la umaskini. Dereva atasema: hesabu ya bosi inataka kulipwa kila jioni, petroli inanunuliwa kwanza, nyumbani wanasubiri unga, shokapu naitoa wapi? Kant alifundisha kwamba mtu hawezi kufungwa na wajibu asiouweza, na sioni namna ya kumpinga hapa. Lakini hoja hii inamwokoa nani hasa? Inamwokoa dereva, tena kwa sehemu, kwa sababu dereva asiye na fedha ya shokapu bado anaweza kupunguza mwendo kwenye mawe na kukataa mshikaki wa tatu. Haimwokoi anayepokea hesabu. Mmiliki anavuna kila siku kutoka kwenye kifaa kilekile kinachochakaa kila siku. Sehemu ya kile anachokiita faida ni uchakavu ambao hajaulipia, na anayeulipia ni mgongo wa mtu aliyenyoosha mkono barabarani. Wachimbaji wa Geita na Mwakitolyo wanaielewa hesabu hii bila kufundishwa. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, anayetaka mbale bila kununua matimba ya kulishikilia anajulikana ni mtu wa namna gani, na hakuna mchimbaji anayemtetea kwa kusema miti ni ghali. Mwaka 2015 huko Nyangalata, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, na nchi nzima ikamshukuru Mungu. Ilifaa kushukuru. Lakini mwenye duara hawezi kuuweka muujiza kwenye bajeti yake ya mwakani.

Nakubali kwamba mmiliki naye mara nyingi si tajiri. Ni mwalimu, ni muuguzi, ni mjane aliyenunua pikipiki moja kwa mkopo wa kikoba. Nakubali pia kwamba spea bandia zipo tele, na fundi anayejaza oili ya injini kwenye shokapu ya zamani na kuiita mpya anampa mmiliki utulivu wa uongo. Mambo haya yanaongeza idadi ya wadaiwa na hayamfuti yeyote. Fundi anadaiwa ukweli, kwa kuwa ndiye aliyeiona sili. Akinyamaza ili asimpoteze mteja, onyo limefia mikononi mwake. Dereva anadaiwa mwendo na mzigo, pamoja na kumwambia mmiliki alichoambiwa na fundi. Mmiliki ndiye mdaiwa wa kwanza, kwa sababu ya fedha na kwa sababu neno la mwisho ni lake. Abiria hadaiwi kitu. Mikataba ya bodaboda inayosainiwa Kahama na Geita hutaja hesabu ya siku, idadi ya miezi na nani atalipa faini ya trafiki. Iongezwe mistari miwili: nani analipia shokapu, na zikaguliwe baada ya muda gani. Wenye pikipiki waiandike wenyewe, na viongozi wa vijiwe wadai kuiona kabla ya kumpa dereva nafasi kwenye foleni.